Mtoto Amekataa Kura

Sironga, Sabato alasiri

Kemunto binti yangu,

Barua hii nimeiweka katikati ya zile karatasi za michezo ya kuigiza, wala si juu ya nguo, maana nakujua. Nguo utazipanga baada ya wiki, lakini karatasi utakuwa umezitoa kabla basi halijafika Kericho. Mambo ya blanketi, ya mwenye nyumba na ya wavulana wa Nairobi, shangazi zako wamekwisha kukueleza mpaka masikio yamekuvimba. Huko sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na wiki nzima nimelizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako. Mama yako ameketi nje, mgongo kaupa mlango wangu. Leo haifai kushika kazi, najua, na mzee wa kanisa akiniona na kalamu atanisema. Mwache aseme.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii singethubutu. Ensoni, ile haya ya kwetu inayomkataza mtu kumvulia nguo mtoto wake hata kwa maneno, ingenifunga mdomo. Kiswahili ni nguo ya kuazima, mtu huichafua bila kuogopa sana. Hiyo ni sababu nzuri, sivyo? Basi jua kwamba nusu yake ni uoga tu. Ningeweza kukuita jana tukakaa chini ya ghala nikakwambia, nikashindwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mchezo wa tatu katika bahasha ile ya kaki, ule wa “Mtoto Amekataa Kura,” nakuomba usiuigize. Mingine fanya utakavyo. Huo, Kemunto, nakupigia magoti, usiuigize.

Nakusikia: “Lakini tata, ndio wanaoutaka!” Najua. Uchaguzi umekaribia tena, na Bwana Athumani ameandika kwa mkono wake kwamba ndio utakaofungua kipindi kwenye televisheni. Ukiukataa huenda wakakwambia urudi ulikotoka, na mimi ndiye nitakuwa nimekunyang'anya kazi kabla hujaianza. Hilo pia najua. Na usiniulize kwa nini sikuuchomoa mwenyewe nikauchoma. Jana niliuchomoa mara mbili, nikaurudisha mara mbili. Nakala wanazo kwenye kabati lao huko. Karatasi si kitu. Wanachokosa ni mdomo, na mdomo unao wewe.

Wacha nianzie mbali kidogo. Nilipokuwa darasa la pili alikuja mwalimu mgeni asiyejua neno la Ekegusii. Akanisimamisha mbele ya wenzangu: “Wewe, baba yako yuko wapi leo?” Nikajibu kwa heshima zote, “Baba amejifungua jana, mwalimu. Ananyonyesha.” Nilichapwa viboko vinne kwa utundu, na mpaka naketi nilikuwa sijui kosa langu. Ningejuaje? Kwetu baba ni mama, na yule wanayemwita baba sisi tunamwita tata. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekuwa mwalimu hapa Sironga, niliketi nikakiandika kisa hicho kikawa mchezo wa dakika tano, nikautia stempu, nikaupeleka redioni. Walivunjika mbavu. Mwezi uliofuata wakaniita Nairobi.

Mtayarishaji wa vichekesho alikuwa huyo Bwana Athumani, mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza kama maziwa. Nikamwomba niigize mimi mwenyewe, mchezo si ni wangu? Akanisikiliza sentensi mbili, akanigusa bega. “Kalamu yako tamu, mwalimu, lakini ulimi una ndizi.” Studio nzima ikacheka, nami nikacheka. Kemunto, nilipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa najifungia chooni nikisema lala, lala, lala, leta, lima, lipa, kuifukuza ile r yetu, mpaka wenzangu wakadhani nabembeleza mtoto. Nilidhani nimeshinda. Neno moja la mtu yule likanirudisha kwenye migomba. Tangu siku hiyo sikuigiza kitu. Nilikaa nyuma ya kioo na karatasi zangu, nikiwasikiliza wengine wakisema.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, ingawa halikuonekana kuwa kosa. Aibu ile nilitafuta mtu wa kumtwika.

Mama yako humkumbuki alivyokuwa. Unamjua mama huyu wa kunyamaza mbele ya wageni, wa kukusukuma wewe mbele umsemee dukani, zahanati, kwa chifu. Ulidhani alizaliwa hivyo. Wee! Mama yako alikuwa msemaji. Kiswahili alikiokota mwenyewe sokoni kwa wauza vitambaa, hakufundishwa na mtu, na alikisema kama mtu anayevuka mto kwa kuruka juu ya mawe, akiteleza anacheka, anaruka tena. “Nimekura, nimeshiba, sasa narara.” “Reo umeniretea nini, mtu wa Nairobi?” Nilikuwa nikija mwisho wa mwezi, ananisimulia mambo ya kijiji kwa Kiswahili chake hicho ili anifurahishe, maana aliona nafurahi. Nami nilifurahi kwelikweli. Kisha natoka nje, nasimama nyuma ya choo, nachomoa kijitabu na penseli kwenye mfuko wa shati, naandika yote kabla hayajanitoka. Alidhani tumbo langu halipatani na maji ya nyumbani. Alinichemshia dawa.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mama Kura. Mwanamke wa mlimani anayechanganya kula na kura, kila Jumapili mchana, robo saa. Aliyemwigiza alikuwa mwanamume, fundi wa kuigiza sauti, hajawahi kuliona jani la chai likiwa mbichi. “Sisi tumepiga kura, sasa wao wanakura!” Maneno hayo yalisemwa mpaka kwenye baa na kwenye foleni za posta. Nilipita mjini nikayasikia midomoni mwa watu nisiowajua, nikavimba kichwa. Na kama kuna mkubwa aliyetaka kukasirika, angemkasirikia nani? Mama wa watu hajui Kiswahili, amekosea tu. Niliona nimebuni jambo la ajabu.

Umewahi kujiuliza kwa nini nyumba ya mtu wa redio haikuwa na redio? Nilisema betri ni ghali. Uongo mtupu.

Siku moja mama yako alipeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia, akamwambia karani mgeni, “Nimereta vikapu viwiri.” Karani akaruka. “Mama Kura! Jamani, njooni mumwone Mama Kura!” Foleni yote ikaangua kicheko. Nilipokuja akaniuliza, “Mama Kura ni nani?”

“Ni mtu wa Nairobi,” nikasema.

“Anasema kama mimi?”

“Kidogo.”

Akafurahi. Nakuapia, alifurahi. “Basi tuko wengi,” akasema, akaenda kuchochea moto.

Sasa nafika pale ambapo mkono hautaki kwenda.

Unajua ulikuwa na ndugu, Ombati, na unajua hakufikisha mwaka. Mengine hatukukwambia. Mimi nilikuwa Nairobi. Mtoto alishikwa na homa, akakataa ziwa, akakataa uji. Siku ya pili mama yako akambeba mpaka zahanati moja, siku hizi haipo, akaketi kwenye benchi na wagonjwa wengine. Alipofika dirishani karani alikuwa mgeni, Ekegusii hajui. Akamwambia kwa Kiswahili chake, “Mtoto amekataa kura tangu jana.”

Karani akamtazama. “Ana umri gani?”

“Miezi nane.”

“Miezi minane na tayari amekataa kura? Kwani amejiandikisha?”

Benchi lote likacheka. Mama yako hakuelewa wanacheka nini. Alidhani labda ni ile kofia ya sufu aliyomvika mtoto, ilikuwa kubwa mno, inamfunika macho. Basi kwa adabu, ili asionekane mtu wa kununa, akacheka nao. Daktari alimwona hatimaye, dawa akapewa, sisemi kwamba kicheko ndicho kilichomuua. Homa ilikuwa imekwisha kula mapafu. Ombati alifariki alfajiri.

Nilifika baada ya maziko. Akanichukua nyuma ya nyumba, akanieleza yote, neno kwa neno, na mwisho akanishika shati, akaniita baba yako kwa lugha yetu. “Ise Kemunto, nilicheka nao. Mtoto anakufa mikononi mwangu, na mimi nacheka.” Hilo hakumwambia mtu mwingine. Si mama yake, si pasta. Aliniambia mimi peke yangu.

Nililia, mwanangu. Nataka uamini kwamba nililia kweli. Lakini machozi yakiwa bado yananichuruzika, kulikuwa na mtu mdogo ndani ya kichwa changu, aliyekaa macho makavu, akasema: hiki ni kichekesho. Nikamfukuza. Akaenda akarudi. Kama kazi hii itakuwa yako, mtu huyo utakutana naye, na sijui dawa yake. Ningeijua ningekupa.

Miezi minne ikapita. Uchaguzi ukawadia, Bwana Athumani anataka mchezo wa uchaguzi kufikia Jumanne, na mimi sina kitu, kichwa kikavu kama jiwe la kusagia. Jumatatu nikaketi mezani. Niliuandika kwa chini ya saa moja, bila kufuta hata neno. Karani, dirisha, benchi, miezi minane, kofia. Na kicheko. Nilikiweka kicheko pia: “Mama Kura anacheka pamoja nao.” Niliandika maagizo hayo kwenye mabano, kwa mwandiko mzuri. Utayakuta ukurasa wa pili, ukiwa bado hujayakariri. Kilichotofautiana ni mwisho, kwangu mtoto anapewa uji anapona.

Yule fundi alicheka kicheko hicho studioni mpaka mafundi mitambo wakashika matumbo. Bwana Athumani akasema sitaandika kingine kama hicho maishani. Alisema kweli.

Mjomba wako Nyakundi, kule Suneka, alikuwa amenunua redio, ya kwanza katika boma lao, akawaita wote Jumapili waje wamsikie shemeji yao anayechekesha nchi nzima. Alifanya hivyo kwa heshima yangu. Walikuwepo bibi yako, babu yako, wake za wajomba, watu ambao kwa ensoni yetu hawastahili hata kuchekea jambo moja chumba kimoja, lakini redio haijui mkwe wala mzazi. Mama yako aliketi mbele. Mjomba wako ananiambia alicheka kama wengine Mama Kura alipoanza, hata akasema, “Huyu ndiye tunayefanana naye.” Aliposikia miezi minane akaacha kucheka. Lakini bado aliweza kudhani karani yule ndiye aliyekipeleka kisa. Kisha Mama Kura akajisemea kwamba wanachekea kofia ya mtoto, akacheka pamoja na benchi asionekane wa kununa.

Hapo akajua. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua alicheka kwa nini.

Unakumbuka ile safari ya miguu ya siku hiyo, Suneka mpaka Kisii mjini, jua kali, kiatu chako kimekatika kamba, na hakutaka kusimama? Ulikuwa na miaka mitano. Ulilia njia nzima ukidhani umemkosea. Hukumkosea. Miaka kumi na mitano sasa nimekuacha ubebe jambo hilo, na hilo nalo liandike kwenye orodha yangu.

Nilipokuja nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida, akaketi mbali. Akasema kwa Ekegusii, bila kupandisha sauti, “Yule karani alikuwa hajui. Wewe ulikuwa unajua.” Tangu siku hiyo hajasema Kiswahili mbele ya mtu. Kwenye kituo cha chai ananyoosha kidole. Ndiyo maana wewe, tangu ukiwa mdogo, ulikuwa ulimi wake, na watu wakasema mtoto wa mwalimu ana akili.

Mimi mchezo ule ulinipandisha televisheni. Taa nyeupe, watu wamepakwa unga usoni, kila kitu lazima kionekane. Niliandika walevi, nikaandika mabawabu, nikaandika wake wenza wawili na sufuria moja. Niliwahi kukiangalia kipindi changu kwenye hoteli moja hapo Kisii, ilikuwa na televisheni sebuleni. Watu walikitazama kama wanaongoja mvua ipungue. Nilikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi na kijitabu mfukoni, na kijitabu kikarudi kitupu. Nilikuwa naiba kisimani kwa mtu mmoja, na kisima kikafungwa. Baada ya mwaka na nusu wakaniandikia kwamba vichekesho vyangu havina ladha tena. Nikarudi kushika chaki.

Usifikiri sijaomba radhi. Nimejaribu mara ngapi! Tatizo ni kwamba kila nikianza, maneno yanakuja yamejipanga, hili mbele hili nyuma, yana mwendo mzuri, na yeye anasikia kwamba yamepangwa. Ananisikiliza kama mtu anayesikiliza redio, kisha anaondoka.

Halafu masika yaliyopita ukalifungua lile sanduku la bati nililofungia michezo yangu. Nikakusikia nyuma ya jiko ukisoma kwa sauti, na sauti ile, Mungu wangu, ilikuwa ya mama yako. Sauti yake ya zamani, ile ya kuruka mawe. Sijui uliitoa wapi, nadhani ilikuwa imekaa kooni mwako muda wote. Ningepaswa kutoka mbio nikuzuie. Badala yake nilisimama dirishani nikicheka peke yangu, nikasema: si mmeona? Niliandika vizuri! Jioni hiyohiyo nikamwandikia Bwana Athumani. Ni mimi niliyekutafutia kazi hii. Usimlaumu mtu.

Wiki mbili zilizopita ulikuwa pale pale nyuma ya jiko, unafanya ule wa tatu. Mama yako alikuwa anatoka shambani na kikapu cha majani mgongoni. Akasimama nyuma ya ukuta. Akakitua kikapu chini. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, na ulipofika kwenye kicheko ulikicheka vizuri, mwanangu, vizuri kuliko yule fundi. Kisha akakibeba kikapu chake, akazunguka njia ndefu ya kisimani ili usimwone. Nilimwona mimi. Na siku ya pili akaanza kukushonea lile gauni la buluu.

Hatakwambia neno. Utamkumbatia kesho, atakufunga lesso kiunoni, atakuombea, na ungekwenda ukakicheka kicheko hicho mbele ya nchi nzima bila kujua ni cha nani. Ndicho kinachoninyima usingizi. Mimi nilijua nikatenda. Sasa nimekufanya na wewe ujue, na pole, mwanangu, najua kujua ni mzigo, lakini sikuwa na njia nyingine. Usiuigize. Waambie sauti imekukauka. Waambie baba yako mzee amekuwa mwendawazimu. Au waambie kweli, kama una moyo ambao mimi sina.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini leo mchana, ulipokuwa umetoka tu, mama yako alikuwa ameketi nje, nami nimesimama mlangoni. Alikuwa anatazama kikapu chako cha safari. Akasema, bila kugeuka, kwa Kiswahili, baada ya miaka kumi na mitano:

“Kesho mtoto atakura nini njiani?”

Kemunto, mkono wangu ulikwenda kwenye mfuko wa shati.

Sikuutuma. Penseli haikuwemo hata, sijabeba penseli siku nyingi. Lakini ulikwenda, na wakati huo ndipo alipogeuka, akauona mkono ulipo. Aligeuka tena, akanipa mgongo, na mpaka sasa hivi ninavyoandika yuko vilevile.

Swali lake lilikuwa lako, kwa hiyo nakuletea, na usilisome kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Jibu sikumpa. Nililiona wazi, lakini lilinikwama kwenye ile l niliyoihangaikia chooni miaka ile yote. Nalisema hapa, kwa ulimi niliozaliwa nao, nawe ukifika Nakuru basi likisimama ulitii. Ndizi za kuchemsha zimo chini kabisa ya kikapu, amezifunga mama yako mwenyewe kwa jani la mgomba zisikauke. Usizigawe zote.

Kura, mwanangu.

Tata